Rudolf Diesel: mtoto mkimbizi aliyeacha jina lake ndani ya motere ya mazutu

Kwenye bandari ya Baraka, mekanisie akiulizwa bwato kubwa linalotoka Uvira linatumia motere gani, anajibu bila kufikiri: dizeli. Lori linaloshuka kutoka Misisi ao Lulimba, dizeli. Kinu cha unga pale sokoni, grupu inayowasha taa za hospitali usiku, masini inayokuja kutengeneza barabara ya taifa namba 5 kisha mvua kuikata, mara nyingi ni dizeli tu. Watu wanatamka hilo neno kila siku sawa jina la mafuta ao la aina ya motere. Kumbe ni jina la mtu.

Aliitwa Rudolf Diesel. Alikuwa Mjerumani aliyezaliwa Ufaransa, akafukuzwa na vita akiwa na miaka 12, akasoma kwa msaada, akakuwa tajiri, akafilisika, na mwisho akapotea ndani ya maji usiku mmoja wa mwaka wa 1913. Leo karibu mizigo yote inayovuka bahari inasukumwa na motere iliyotoka katika kichwa chake. Hii njo hadisi ya maisha yake.

Vita vinafukuza jamaa

Rudolf alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Baba yake, Theodor, alitoka muji wa Augsburg, katika jimbo la Bavaria, na mama yake, Elise, alitoka Nuremberg. Walikuwa wageni waliokuja kutafuta maisha. Theodor alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kushona vitu vya ngozi, na pesa ya nyumbani haikuwa nyingi. Mtoto alikua akisema Kifaransa barabarani na Kijerumani nyumbani. Siku za kupumzika alipenda kwenda kwenye nyumba ya makumbusho ya ufundi ya Paris, fasi kulikuwa gari la zamani sana la kutembea kwa mvuke. Alikuwa anasimama mbele ya zile masini, anazitazama, kisha anarudia kuzichora.

Katika mwaka wa 1870 vita vikatokea kati ya Ufaransa na Prussia. Kwa siku chache, majirani wa jana wakaonekana sawa adui. Wajerumani waliokaa Paris wakaamriwa kuondoka. Jamaa ya Diesel ikafunga vitu vidogo walivyoweza kubeba na kukimbilia London, fasi hawakuwa na nyumba wala kazi ya maana. Wazazi hawakuweza kulisha watoto wote vizuri, basi wakamtuma Rudolf peke yake, na ile miaka yake 12, mpaka Augsburg kwa ndugu zao.

Wakaaji wa Fizi hawahitaji kuelezwa sana hayo mambo. Tangu vita vya 1996, jamaa nyingi za Baraka, Mboko, Kazimia na Ubwari zilivuka ziwa Tanganyika usiku, zikafika Kigoma, na watoto wengi wakakulia katika kambi ya Nyarugusu ao kwa ndugu wa mbali. Rudolf alikuwa mmoja wa watoto wa namna hiyo. Tofauti yake ilikuwa kwamba kule alikofika alikuta mlango wa masomo uko wazi.

Aliyempokea Augsburg aliitwa Christoph Barnickel, ndugu wa jamaa yake na mwalimu wa hesabu. Kijana akaingia kwenye masomo ya ufundi, na akiwa na miaka 14 akaandikia wazazi wake barua kuwajulisha kwamba anataka kuwa injinia. Alimaliza akiwa wa kwanza. Wazazi walitaka aanze kutumika ili alete pesa, sababu maisha yalikuwa magumu. Lakini katika 1875 akapewa msaada wa kusoma kwenye chuo kikubwa cha ufundi cha Munich, akachagua kusoma. Uamuzi huo uliwaumiza wazazi wake, na yeye mwenyewe hakuusahau.

Magunia 10 ya makaa

Kule Munich mwalimu wake mkubwa alikuwa Carl von Linde, mtu aliyejulikana juu ya masini za kutengeneza baridi. Katika masomo yake Linde alieleza jambo ambalo mafundi wengi walilijua lakini walilizoea: masini ya mvuke inapoteza karibu moto wote inaopewa. Ukichoma magunia 10 ya makaa ya mawe, kazi unayopata ni ya gunia moja tu, wakati mwingine hata halifiki. Mengine yote yanakwenda hewani pamoja na moshi na mvuke.

Ile wakati masini ya mvuke njo ilikuwa mfalme wa dunia. Iliendesha treni, mabwato na viwanda. Lakini ilikuwa kubwa na bei yake kali, ni mwenye mali tu aliyeweza kuinunua. Fundi mdogo mwenye duka lake, sawa baba yake Rudolf, hangeweza. Diesel akaanza kuwaza motere nyingine: itumie mafuta kidogo, iweze kutengenezwa ndogo ao kubwa, na mtu wa kawaida aweze kuwa nayo. Hilo wazo lilimkaa kichwani miaka zaidi ya 10 kabla halijakuwa chuma.

Katika 1879, wakati wa mtihani wa mwisho, akashikwa na tifoide, akashindwa kumaliza pamoja na wenzake. Akingojea mtihani mwingine alikwenda kutumika Winterthur, katika inchi ya Uswisi, kwenye kiwanda cha Sulzer. Hapo akajifunza kushika chuma kwa mikono yake. Januari 1880 akafanya mtihani na kupata alama za juu sana.

Kazi yake ya kwanza ya mushahara haikuwa ya motere. Ilikuwa ya barafu. Linde alimtuma Paris kusaidia kujenga kiwanda cha barafu, na kisha mwaka mmoja Diesel akakuwa mkubwa wake. Alivumbua hata namna ya kutengeneza barafu safi ya kuweka mezani. Katika 1883 alioa Martha Flasche, na wakazaa watoto 3: Rudolf, Hedy na Eugen. Lakini kila jioni alirudia wazo lake. Kwanza alijaribu motere ya mvuke wa amonia, ile dawa inayotumiwa katika masini za baridi. Masini ikalipuka na karibu imuue. Alilala hospitalini muda mrefu, na afya yake haikurudi tena sawa mbele. Katika 1890 akahamia Berlin na jamaa yake.

Pompi ya kinga inafundisha

Mtu yeyote aliyewahi kujaza upepo ndani ya tairi ya kinga anajua jambo ambalo Diesel alilitumia. Ukipampu kwa nguvu, pompi inapata moto chini, kwenye mdomo wake. Sehemu kubwa ya ule moto inatoka kwa hewa yenyewe, kwa sababu imebanwa. Hewa ikibanwa inapata joto, na ikibanwa zaidi, joto linazidi.

Diesel akajiuliza: je, hewa ikibanwa sana ndani ya silindri ya chuma, mpaka joto lake lipite digri 500? Hapo ukinyunyiza mafuta kidogo tu, yatawaka yenyewe. Hakuna haja ya kiberiti, hakuna haja ya buji. Na kwa sababu hewa imebanwa sana kabla ya kuwaka, nguvu inayopatikana ni kubwa kuliko ile ya motere zingine kwa mafuta yale yale.

Hii njo tofauti ambayo kila mekanisie wa Baraka anaijua mpaka leo. Motere ya esansi ina buji inayotoa cheche. Motere ya mazutu haina buji ya cheche. Ina enjektere inayonyunyiza mafuta ndani ya hewa ya moto. Ndiyo maana motere ya dizeli inakuwa nzito, na kuta za silindri zinakuwa nene: lazima zivumilie ule mubano.

Diesel aliomba hati ya uvumbuzi mwezi wa Februari 1892, na akaipata mwaka uliofuata. Katika 1893 akatoa kitabu kidogo kueleza wazo lake. Wenye viwanda wengi waliona ni ndoto ya mwalimu. Lakini Heinrich von Buz, mkubwa wa kiwanda cha masini cha Augsburg, akakubali kujaribu, na kampuni ya Krupp ikaleta pesa. Kwa hiyo mtoto aliyefika Augsburg kama mkimbizi akarudi muji uleule akiwa injinia mwenye mkataba.

Tarehe 10 Agosti 1893 wakawasha motere ya kwanza. Nguvu ilikuwa kali kuliko walivyofikiri: chombo cha kupimia mubano kikapasuka, vipande vikaruka karibu na kichwa cha Diesel. Motere ile haikuzunguka yenyewe. Lakini mafuta yaliwaka bila cheche, na kwake hilo lilitosha: wazo lilikuwa la kweli. Tarehe 17 Februari 1894 motere ya pili ikazunguka kwa nguvu yake yenyewe, kwa muda wa dakika moja hivi. Dakika moja, kisha miaka 2 ya kuandika, na miaka mingine 3 ya majaribio ikafuata. Walijaribu mafuta ya taa, esansi, gesi, mpaka vumbi la makaa. Walibadili pistoni, walibadili pompi, walianza tena.

Mwezi wa Februari 1897, mwalimu Moritz Schröter wa Munich akaja kuipima motere mbele ya watu. Ilikuwa na urefu wa kiasi cha mita 3 kwenda juu, na nguvu ya karibu farasi 18. Akapima mafuta yaliyoingia na kazi iliyotoka, akakuta motere inageuza asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Masini ya mvuke za siku zile hazikupita asilimia 10 ao kidogo zaidi. Hakukuwa motere nyingine duniani iliyofika pale.

Karanga za Paris na mawese ya Kongo

Habari ikatembea haraka. Emanuel Nobel akanunua ruhusa ya kuitengeneza Urusi. Adolphus Busch, tajiri wa pombe wa Marekani, akalipa milioni 1 ya marki kwa ruhusa ya inchi yake. Kampuni za Uingereza, Ufaransa, Denmark na Uswisi zikafuata. Diesel, aliyekula kwa shida akiwa mtoto, akajikuta milionea bila kufika miaka 40.

Katika 1900 kukafanywa maonyesho makubwa ya dunia Paris, muji ule ule uliomfukuza miaka 30 mbele. Motere yake ikapata zawadi ya juu. Hapo kulikuwa pia jambo dogo ambalo wageni wengi hawakulitambua: motere moja ndogo ya kampuni ya Otto ilikuwa inatumia mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa njo iliyoomba jaribio hilo, juu ya makoloni yake ya Afrika, fasi karanga zinaota kwa wingi na mazutu lazima yatoke mbali. Motere ilitembea vizuri, na watu walioitazama hawakujua kama ndani hakuna mafuta ya kuchimbwa.

Diesel hakulisahau hilo jaribio. Karibu na mwisho wa maisha yake alieleza wazi kwamba mafuta ya mimea yangeonekana madogo kwa ile wakati, lakini siku moja yangeweza kuwa na maana sawa mazutu yenyewe. Alitaka mkulima wa inchi yoyote aweze kuendesha motere kwa kile anachovuna.

Kongo iliingia katika hadisi hii baadaye. Tarehe 31 Agosti 1937, mwalimu mmoja wa chuo kikubwa cha Bruxelles, Chavanne, alipata hati ya uvumbuzi juu ya namna ya kugeuza mafuta ya mimea, kwanza kabisa mawese ya Kongo, kuwa mafuta ya motere ya dizeli. Katika 1938 basi moja ya abiria ilitembea kati ya Bruxelles na Louvain kwa mafuta hayo. Kisha vita vya pili vya dunia vikaja, na mazutu ya kuchimbwa yakakuwa bei rahisi, jambo likaachwa.

Hapa kuna onyo kwa mwenye motere wa Fizi anayeona madumu ya mawese yakipita kila siku ya soko. Mawese hayawezi kumwangwa tu ndani ya tanki. Ni mazito, yanaganda yakipoa, na yanaziba enjektere za motere za leo. Kazi ya Chavanne ilikuwa kuyachanganya na alkoli na dawa maalum ili glisirini ijitenge, na yanayobaki yawe mepesi. Bila hiyo kazi, motere itakufa.

Mali inayeyuka

Utajiri wa Diesel haukutulia. Motere za kwanza zilizouzwa zilikuwa bado changa. Nyingi ziliharibika na wanunuzi wakazirudisha. Watu wengine wakadai kwamba wazo lilikuwa lao, na kesi zikafuatana. Katika 1898 mwili na akili vikachoka, akapelekwa kwenye nyumba ya matibabu. Madaktari walimkataza kutumika kwa miezi mingi.

Alipopona alijenga nyumba ya kifalme Munich. Akatia pesa katika mashamba na visima vya mafuta, na katika biashara zingine alizokuwa hazijui. Alijua chuma, lakini hakujua biashara. Mafranka yakatoka zaidi ya yaliyoingia. Mbele za watu alikuwa mtu mkubwa mwenye nyumba kubwa. Ndani ya daftari zake kulikuwa deni.

Katika 1903 alichapisha kitabu juu ya namna wafanyakazi wangeweza kuweka pesa kidogo kidogo pamoja, wajenge viwanda vyao wenyewe na kugawana faida. Yeye mwenyewe aliona kitabu hiki kuwa cha maana sana, lakini kiliuzwa kidogo tu, na watu wakaendelea kumuuliza juu ya motere.

Mipigo miwili

Wakati mwenyewe alikuwa anashuka, motere yake ilikuwa inapanda. Katika 1903 mabwato ya kwanza ya dizeli yalitembea katika mito ya Urusi na mifereji ya Ufaransa. Februari 1912 meli ya Denmark, Selandia, ikaanza safari ya Copenhagen mpaka Bangkok bila mvuke. Haikuwa na bomba kubwa la moshi, na watu bandarini walishangaa kuona meli kubwa isiyotoa moshi mweusi. Haikubeba makaa wala kundi la watu wa kuyatupa motoni usiku na mchana.

Motere za Selandia zilikuwa za mipigo 4: pistoni inavuta hewa, inaibana, inasukumwa na moto, kisha inatoa moshi, na nguvu inatoka mara moja tu katika kupanda na kushuka mara 2. Lakini kiwanda kile kile cha Sulzer, fasi Diesel alitumika akiwa kijana, kilichagua njia nyingine: mipigo 2. Wavuvi wa ziwa Tanganyika wanaijua kupitia motere ndogo za Yamaha zinazofungwa nyuma ya mtumbwi na kutumia esansi iliyochanganywa na oili. Katika mipigo 2, kila pistoni ikishuka, inashuka na nguvu. Moshi unatoka na hewa mpya inaingia kwa wakati mmoja, kupitia matundu kwenye ukuta wa silindri.

Katika motere kubwa ya dizeli hewa inayosukumwa ndani ni safi, mafuta yananyunyizwa kisha kubanwa, kwa hiyo hayapotei pamoja na moshi sawa katika motere ndogo ya esansi. Mwaka ule ule wa 1912 meli ya Wajerumani Monte Penedo ilivuka bahari na motere 2 za Sulzer za mipigo 2. Hiyo njo njia iliyoshinda kwa kazi nzito. Leo meli kubwa za makontena na za mafuta zinatumia motere za mipigo 2. Ile ya meli Emma Mærsk, iliyoanza kazi mwaka wa 2006, ina silindri 14, uzito wa zaidi ya tani 2.300, na nguvu ya zaidi ya farasi 100.000. Inazunguka pole pole, mara kiasi cha 100 kwa dakika, na inashikana moja kwa moja na panga la meli bila gia. Inageuza karibu nusu ya joto la mafuta kuwa kazi. Mchele, nguo na vyuma vinavyofika Dar es Salaam, kisha Kigoma, kisha Baraka, sehemu kubwa ya safari yake inafanywa na motere za namna hiyo.

Usiku wa 29 Septemba 1913

Mwisho wa Septemba 1913 Diesel alialikwa Uingereza, fasi kampuni moja ilikuwa inajenga kiwanda kipya cha motere zake. Kabla ya kuondoka alimwachia Martha mfuko mmoja, akamwomba asiufungue mpaka juma lipite. Akapita Gent, katika Ubelgiji, kwa rafiki yake George Carels, mwenye kiwanda. Jioni ya tarehe 29 wakapanda pamoja meli Dresden kwenye bandari ya Antwerp, bandari ile ile iliyopokea mizigo iliyotoka Kongo. Dresden ilikuwa meli ya mvuke.

Walikula, wakatembea kidogo juu ya meli, wakaongea. Karibu saa 4 ya usiku Diesel akaagana nao, akaenda chumbani, akaomba aamushwe asubuhi saa 12 na robo. Asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Kitanda hakikulaliwa, nguo ya kulala ilikuwa imetandikwa. Kofia na koti lake vilikutwa juu ya meli, upande wa nyuma, vimekunjwa vizuri.

Siku kama 10 kisha hapo, watu wa bwato moja la Uholanzi waliona maiti juu ya maji. Bahari ilikuwa mbaya na mwili ulikuwa umeharibika, basi walitoa vitu vilivyokuwa mifukoni na kuuacha majini. Mtoto wake Eugen akaletewa vile vitu, akavitambua kuwa vya baba yake. Rudolf Diesel hakuzikwa, na hana kaburi. Alikuwa na miaka 55.

Martha alipofungua mfuko alikuta 20.000 za marki, na karatasi zilizoonyesha kwamba akiba ya benki imekwisha. Katika kitabu chake kidogo cha tarehe, Diesel alikuwa ametia alama ya musalaba kwenye siku ya 29 Septemba. Wengi waliona hapo kwamba alijiua juu ya deni na aibu. Magazeti ya ile wakati yaliandika mengine: kwamba wenye visima vya mafuta walimuua, ao wapelelezi wa Ujerumani waliomzuia asiuze siri kwa Waingereza. Hakuna aliyeleta ushahidi. Kinachoonekana wazi ni kwamba huyu mtu alibeba mzigo mkubwa peke yake, na hata mke wake hakuambiwa.

Jina lililobaki

Kisha mwaka mmoja vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Motere ambayo Diesel aliiwaza kwa faida ya fundi mdogo ikawekwa ndani ya meli za chini ya maji za Wajerumani, na zikazamisha maelfu ya meli zingine. Amani iliporudi, motere ikapunguzwa uzito mpaka ikaingia ndani ya malori katika miaka ya 1920, kisha katrapila na treni.

Kwenye ziwa Tanganyika ilifika polepole. Mwaka ule wa 1913 aliokufa Diesel, Wajerumani walikuwa wanajenga Papenburg meli ya Graf von Götzen, ambayo ilisafirishwa vipande vipande mpaka Kigoma na kuteremshwa majini 1915. Ilikuwa ya mvuke. Katika vita Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza wakaitoa majini katika 1924 na kuiita Liemba. Iliendelea na mvuke mpaka miaka ya 1970, ndipo ikawekewa motere za dizeli. Kwa hizo motere, katika 1997 Liemba ilirudisha wakimbizi zaidi ya 75.000 kutoka Kigoma mpaka Uvira. Kati ya hao kulikuwa watoto wengi wa miaka 12, sawa Rudolf wa mwaka wa 1870.

Katika ndoto zake, moja ilitimia: motere ndogo iliyo mikononi mwa mtu mdogo. Mwenye kinu cha unga wa Baraka, mwenye grupu anayechaji simu za jirani, mwenye bwato moja la kupeleka ndagala na mahindi Uvira, hao njo watu aliowafikiria. Ile nyingine, ya motere kutumia mafuta ya mashamba ya karibu, bado inangoja. Mazutu ya Fizi yanatoka ngambo ya bahari, na siku barabara inakatika ao bei inapanda huko mbali, kinu kinanyamaza, ingawa mingazi iko pale pale nyuma ya nyumba. Shida hiyo ambayo Diesel aliiona mbele, kazi ya kuitatua imebaki kwa mainjinia na vijana wa leo, ikiwa na hao waliosomea ufundi katika kambi na kurudi nyumbani.